Pac-12 ikitafuta chuo cha tisa, kiwe kipi?

Ami Palouse, Mkunazini

Assalaam alaykum wanabaraza.

Swali langu leo si la Mlandege wala KMKM. Ni la mpira wa vyuo vya Marekani, ule wa kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Najua humu tunaoufuata ni wachache, lakini tupo. Yupo aliyesoma Fresno, yupo mwenye mtoto San Diego, na Boise State walipoingia mtoano wa msimu wa 2024 niliona watu humu wamekesha usiku wa kuamkia mwaka mpya wakiwatazama na Penn State.

Nauliza hivi: Pac-12 mpya, ligi ya vyuo vya upande wa magharibi, ina vyuo vinane vya mpira. Ikiongeza cha tisa, kiwe kipi, na kwa sababu gani?

Mjue kwanza nasimama wapi. Nilisoma Washington State, mji wa Pullman, kwenye vilima vya ngano wanavyoviita Palouse. Nilikwenda kusoma udongo na mazao, nikarudi na mapenzi ya timu. Mji ni mdogo, chuo ndicho mji wenyewe. Kina jibini yake inayouzwa ndani ya kopo la bati, na kina bendera ambayo wahitimu wanapokezana kuipeperusha kwenye kipindi cha ESPN cha Jumamosi asubuhi, popote kipindi kinapokwenda, tangu 2003, hata siku ambayo sisi hatuchezi hapo. Hao ndio walioachwa mwaka 2023, na mimi jambo lile halijanitoka moyoni.

Kwa wasiojua kisa: vyuo vya kule hujipanga kwa makundi yanayoitwa konferensi. Kila konferensi ni ligi, na ndiyo inayouza haki za matangazo kwa niaba ya wanachama wake. Ya kwetu ilianzia Portland mwaka 1915. Arizona na Arizona State wakaingia 1978 ikawa Pac-10, Colorado na Utah wakaingia 2011 ikawa Pac-12. Juni 2022 USC na UCLA wakatangaza wanakwenda konferensi ya Big Ten. Majira ya joto ya 2023 nyumba ikabomoka yote: Colorado, Utah na Arizona zote mbili wakakimbilia Big 12, Oregon na Washington wakaenda Big Ten, Stanford na California wakaingia konferensi ya pwani ya Atlantiki ilhali wao wanaishi karibu na Pasifiki. Wakabaki wawili, Washington State na Oregon State.

Wawili hao wakaenda mahakamani Colfax, kijimji kilicho jirani na Pullman, wakapata haki ya kusimamia kilichobaki. Kanuni ziliwapa miaka miwili warudi kuwa wanane. Msimu wa 2025 walilazimika kukutana mara mbili, nyumbani na ugenini, maana ratiba ilikuwa haina wa kuijaza. Mola akajaalia, Septemba 2024 walikubali kuja Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State, baadaye Utah State, wote kutoka konferensi ya Mountain West. Gonzaga wakaja bila ya mpira huu, wao ni watu wa mpira wa kikapu. Juni 2025 Texas State akatimiza wanane. Ligi mpya inaanza rasmi Julai 2026.

Kwa nini tisa? Hesabu ni nyepesi. Msimu wa kawaida una mechi 12. Ukiwa na wanane unapata mechi saba za ligi, na tano ukazitafute nje. Kutafuta nje ni kazi nzito kwa chuo kama chetu: wakubwa wanakuita kwao, wanakulipa, lakini kuja Pullman hawataki. Mkiwa tisa unapata nane za ligi, nne nyumbani na nne ugenini, ratiba imekaa sawa.

Mimi nasema UNLV ya Las Vegas. Sababu yangu kubwa si mji wala uwanja, ingawa wanachezea Allegiant, uwanja wa Raiders, timu ya kulipwa, wenye viti 65,000. Sababu yangu ni kwamba tayari ana ugomvi na wenzetu. Fainali tatu za Mountain West, 2023, 2024 na 2025, zote alikutana na Boise State na zote alipoteza. Kisasi kama kile hukinunui kwa pesa. San Diego na Fresno mashabiki wanaweza kwenda Vegas kwa gari na kurudi. Ligi inajengwa na watu wanaoweza kufuatana. Akikosekana UNLV, bora tubaki wanane.

Nipeni maoni yenu, lakini kila jina lije na hoja yake.

MtotoWaGombani, Chake Chake

Wa alaykumu salaam ami. Mie nasema Hawaii, na sirudi nyuma.

Naona kwenye mijadala ya Marekani kila akitajwa Hawaii watu wanasema neno moja tu: mbali. Sisi wa Pemba neno hilo tumelelewa nalo. Wakongwe wanakumbuka ligi yetu ilivyokuwa na kanda mbili, Unguja huko na Pemba huku, halafu ndiyo Nane Bora. Kila msimu ilikuwa nauli ya boti, malazi, nani alipe. Lakini Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilipoletwa Gombani, mbona watu walikuja? Fainali tukamfunga Burkina Faso 2-1 na hapakuwa na pa kutia mguu. Mpira ukiletwa kisiwani, kisiwa kinaubeba.

Na Hawaii ana jambo ambalo chuo kingine chochote hana. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinamruhusu anayekwenda kucheza kwake kuongeza mechi ya 13 msimu huo. Wewe ami unalia ratiba, huyu anakuja na mechi ya ziada mfukoni, na mechi ya ziada nyumbani ni pesa ya mlangoni. Isitoshe, huko Mountain West alikuwa akichangia nauli za wageni wake. Nani mwengine anafanya hivyo?

Uwezo anao. Mwaka 2007 alimaliza msimu wa kawaida bila kufungwa hata mara moja. Alikwama kwa Georgia kwenye Sugar Bowl, mechi kubwa ya baada ya msimu, sawa, lakini alifika.

Halafu saa zake. Mechi ya saa 12 jioni Jumamosi Honolulu ni saa 1 asubuhi Jumapili kwetu. Unakunywa chai na mandazi huku unatazama mpira.

Kikwajuni Juu

Ami, heshima yako iko pale pale, lakini mnachagua kwa mapenzi. Konferensi hii ilikufa kwa kukosa pesa na itaishi kwa pesa. Memphis, au Tulane ya New Orleans, basi.

Tazameni mtoano. Timu ni 12, na nafasi tano zimewekewa mabingwa wa konferensi. Zile nne kubwa kwa kawaida zinachukua nne, nyie wengine mnagombania iliyobaki. Msimu wa 2025 nani aliingia kwa njia hiyo? Tulane, pamoja na James Madison, kwa vile ile ya Atlantiki ilitoa bingwa dhaifu. Ukimchukua Tulane unajiongezea nguvu na papo hapo unampunguza mshindani wako wa nafasi ile moja. UNLV anakuongezea nini? Fainali tatu alizoshindwa na mtu ambaye sasa ni wako.

Memphis nae ana mji wa kweli, ana kampuni ya FedEx nyuma yake, ana kikapu kizuri ambacho Gonzaga atapenda kukutana nacho. Runinga zinalipa kwa kuangalia miji na ubora. Nyie mnaangalia nani anaweza kwenda kwa nani kwa gari.

Na umbali siku hizi umekuwa hoja ya zamani. UCLA iko Los Angeles na Rutgers iko New Jersey, wako ligi moja. SMU ya Dallas ilikubali kukaa miaka tisa bila mgao wa runinga ili tu iingie ligi ya Atlantiki, na mwaka wake wa kwanza, 2024, ikafika mtoano. Wenye kutaka makubwa wanafanya hivyo.

Ami Palouse

Kikwajuni, umeandika kwa hoja na nashukuru. Lakini hapa hatutakubaliana.

Memphis na Tulane waliulizwa. Septemba 2024 Pac-12 iliwafuata wao, pamoja na South Florida na UTSA ya San Antonio. Wote wanne wakasema kwa pamoja wanabaki walipo. Gharama ya kujitoa ilikuwa kubwa, na mgao walioahidiwa haukuwa wa uhakika, kwa sababu mkataba wa runinga ulikuwa bado haupo. Walikuwa na haki kukataa. Sasa mkataba upo, wa CBS, CW na USA Network, kwa hiyo najua mtasema waulizwe tena. Mimi sitaki waulizwe tena.

Fikiri wakija. Chukua ramani uweke kidole Pullman, halafu Memphis, halafu New Orleans. Hakuna mwanafunzi wa Pullman atakayewahi kwenda kule kushangilia. Utapata mechi nzuri kwenye simu, na nusu ya viti vya wageni vitupu. Miaka 108 ligi ile ilikuwa ya majirani. Washington na sisi tuna mechi yetu ya Apple Cup tangu 1900, jimbo moja, familia moja wamegawanyika kwenye meza moja. Oregon na Oregon State hivyo hivyo. Waliokwenda kutafuta miji mikubwa ndio walioivunja, na sasa unaniambia dawa yetu ni kufanya walichofanya wao.

Mfano wa SMU mimi naujua. Ile ni chuo chenye wahisani matajiri wa mafuta na majumba wa Dallas, wanaweza kukaa miaka tisa bila mgao. Pullman hatuna watu hao. Sisi tuna wakulima wa ngano na dengu.

Pesa ninaikubali, lakini itazame inavyotoka. Kwa wale watano wa mwanzo tu, Mountain West inadai faini ya kunyakua wanachama: milioni 10 za dola kwa wa kwanza, na kila anayefuata anaongezeka nusu milioni. Jumla milioni 55, na suala hilo limefika mahakamani. Hapo hujahesabu ada za kujitoa za kila chuo. Ukiongeza wa tisa kutoka mbali, unaingia gharama nyingine ya namna hiyo, kisha unaongeza nauli za timu zote, mwaka hata mwaka. Hesabu hiyo runinga haikuonyeshi.

Mtoto wa Gombani, wewe nakurudia. Hawaii umenigusa.

Bi Mwalimu, Wete

Naomba na mie niseme, maana nyote mnazungumza kama vile chuo ni wanaume wa kofia ngumu peke yao.

Mie ni mwalimu wa michezo, nawapeleka wasichana wa skuli Unguja kwa mashindano ya netiboli. Tunaondoka kwa boti, bahari ikiwa na upepo watoto wanatapika njia nzima, wakishuka bandarini Malindi miguu haijatulia, na alasiri wana mechi. Kesho yake wanarudi, na Jumatatu wana mtihani. Matokeo yao ya uwanjani yanaanzia kwenye safari. Mtu hajacheza bado na tayari ameshachoka.

Timu ya mpira huo wenu inasafiri ugenini mara tano au sita msimu mzima, mwishoni mwa wiki, kwa ndege ya kukodi. Voliboli ya wasichana, softboli, kikapu, wanasafiri mara nyingi zaidi, katikati ya wiki, na wengi wao kwa ndege za kawaida za kubadilisha njiani. Anayebeba mzigo wa umbali ni huyo msichana mwenye somo la kemia Alhamisi asubuhi. Kila mnapoandika Memphis, mjue mnamwandikia yeye.

Kwa hiyo kaka wa Kikwajuni, umbali haujawa hoja ya zamani. Umekuwa ya zamani kwa anayetazama kwenye runinga tu.

Lakini na wewe ami, nikuulize. Kwa nini isiwezekane chuo kikaingia kwa mpira peke yake, na michezo mingine ikabaki karibu na kwao? Gonzaga mmemchukua bila mpira. Basi mwengine mchukueni kwa mpira tu. Hawaii mwenyewe si ndivyo alivyoishi tangu 2012, mpira Mountain West na michezo mingine Big West?

Jambiani Kusini

Sijui mchezo huu vizuri ila nimefungua ramani kufuata maneno ya ami. Naona pale pale jirani na Pullman, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, kuna chuo kikuu cha Idaho. Kilomita 13! Kama hoja ni ujirani, mbona huyu hatajwi?

Ami Palouse

Jambiani, umeuliza swali ambalo watu wa Pullman wenyewe hawapendi kuliuliza, na nimefurahi limetoka kwako.

Idaho iko mji wa Moscow. Wanafunzi wa pande mbili wanavuka kila siku, uwanja wa ndege tunatumia mmoja. Na kuna jambo wengi wamelisahau: Idaho ilikuwa mwanachama wa ligi yetu ya zamani, kuanzia 1922 hadi ile ligi ilipovunjwa 1959 na kuundwa upya. Kwa hiyo si mgeni.

Tatizo ni kwamba mwaka 2018 ilishuka kwa hiari kwenda daraja la pili la mpira wa vyuo, wanacheza konferensi ya Big Sky na majirani zao wa Montana. Uwanja wao wa ndani unachukua watu kama 16,000. Kurudi daraja la kwanza kuna ada ya dola milioni 5 kwa NCAA na kipindi cha mpito, kisha uongeze nafasi za ufadhili wa wachezaji, walimu, kila kitu. Walishuka kwa sababu kukaa juu bila ligi inayowafaa kuliwaumiza, na wakiwa chini wamekuwa timu nzuri inayopendwa kwao. Nawapenda pale walipo. Ningetaka tucheze nao kila mwaka mwanzo wa msimu, Pullman.

Bi Mwalimu, nakushukuru sana. Maneno yako ya wasichana kushuka Malindi ndiyo hasa ninayoyajua. Niliwahi kukaa na wachezaji wa voliboli darasani, wanakuja na macho mekundu kutoka safari ya Arizona, na Arizona ni ligi ya zamani, bado ilikuwa upande wetu wa nchi. Kuhusu kuingia kwa mpira tu: inawezekana, na kwa mtu wa mbali ni njia ya haki kuliko nyingine. Lakini Hawaii kuanzia 2026 anaingia Mountain West kikamilifu, na michezo yake mingi. Amepata nyumba baada ya kuhangaika miaka mingi kati ya nyumba mbili. Kumtoa sasa ni kumfanyia yale yale tuliyofanyiwa sisi. Sitalitaka hilo, hata kwa mechi ya 13.

Uwanja wake nao bado. Aloha ulifungwa 2020 na tangu hapo wanachezea uwanja wa chuoni wa watu kama 15,000. Mpya ukisimama, nitasema tukacheze nao nje ya ligi, mwaka huu kwao na mwaka ujao kwetu. Kanuni ya mechi ya ziada inafanya kazi hata bila ya kuwa ligi moja. Anayefaidika ni Hawaii mwenyewe na yule anayekwenda Honolulu.

MtotoWaGombani

Ami, hapo umenijibu nusu. Unasema kumtoa Hawaii ni dhulma, sawa. Na UNLV je? Si yupo Mountain West hiyo hiyo? Si alitia saini kubaki, yeye na chuo cha Air Force, kwa ahadi ya fungu kubwa la pesa? Ukimvuta yeye, Mountain West itabaki na nani wa kuwapa Hawaii na Nevada mechi zenye watu?

Ami Palouse

Swali la haki. Nimelifikiria tangu adhuhuri.

UNLV alitia saini kwa kuahidiwa pesa za faini zile zile zinazogombaniwa mahakamani. Pesa hizo zikipungua, naye mwenyewe atauliza. Asipouliza, mimi sitaki afuatwe. Tofauti ninayoiona ni hiyo: anayegonga mlango mwenyewe na anayevutwa kwa mkono. Texas State aligonga. Alikuwa konferensi ya Sun Belt, ada yake ya kujitoa ilikuwa nafuu kabla ya Julai 2025, akaja kabla ya tarehe. Hakuna aliyeumia sana.

Kwa hiyo napanga hivi: mlango uwe wazi kwa UNLV, na kwa Nevada ya Reno pia, ambayo ina ugomvi wake wa zamani na Fresno na Boise. Mkataba wao ukimalizika, wazungumze. Mpaka siku hiyo, wanane, mechi saba za ligi, na zile tano za nje ziwe na Idaho, ziwe na Hawaii, na Apple Cup isiachwe hata Washington wakitupa masharti magumu.

Kikwajuni Juu

Mechi saba, ami. Kamati ya mtoano itawatazama nyie na mechi saba halafu itamtazama Tulane na nane. Mimi bado nasema mnajichelewesha. Ila Oktoba ikifika nitatazama na wewe. Saa ngapi mechi za Pullman kwetu?

Ami Palouse

Ya saa 1:30 usiku Jumamosi kwao ni saa 11:30 alfajiri Jumapili kwetu. Novemba wakirudisha saa nyuma, inakuwa saa 12:30 asubuhi. Mimi nikishatoka msikitini nafungua simu barazani kwangu. Karibu, na Tulane wako nae umlete.